Mtoto aliyetoka msituni: kumpokea, kuishi naye, kumtafutia kwao

Mtoto aliyekuwa na kundi la waasi hafiki Kigoma amevaa magwanda. Anashuka mtumbwini Kagunga au Kibirizi katikati ya akina mama wenye magodoro na masufuria, au anavuka kwa miguu kuelekea Manyovu na Mabamba pamoja na watu waliokimbia usiku uleule. Ukimuuliza yuko na nani, atasema yuko na mjomba. Kirundi na Kiha vinasikilizana, kwa hiyo wapo wanaopotelea vijijini Buhigwe na Kibondo wakalima kibarua bila kupita kambini kabisa. Wa upande wa Fizi na Uvira wanakuja na Kiswahili chao cha Kongo, na hicho huwatambulisha mapema.

Tangu Nyarugusu ilipofunguliwa Kasulu mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na tangu Nduta ilipofunguliwa upya Kibondo mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi, mkoa huu umeishi na watoto wa namna hiyo. Ninaandika kwa ajili ya wanaolala nao nyumba moja au kukaa nao darasa moja: mlezi, mwalimu, jirani, mwenyekiti wa kitongoji, mama wa kanisani aliyekubali kumchukua mmoja.

Watu wengi huuliza kwanza mtoto alifanya nini huko. Swali lenye uzito kuliko hilo ni nani alimpokea alipotoka. Mwaka 1988, vita vya Msumbiji vikiendelea, wavulana 39 waliotoka mikononi mwa waasi wa Renamo walipelekwa kituo cha Lhanguene, Maputo, kisha wakafuatiliwa kwa miaka 16. Wengi walioa, wakajenga, wakalea watoto wao kama majirani zao. Waliokaa na kundi miezi sita au pungufu walijiona wamedhulumiwa. Waliopitisha mwaka walikuwa wameshaanza kujiona wapiganaji, na hao ndio waliohitaji muda mrefu zaidi. Sierra Leone nako, vijana walioanza kufuatiliwa mwaka 2002 vita vilipoisha walionyesha jambo linalofanana na hilo: aliyekubaliwa na watu wa kwao na akabaki shuleni alipata nafuu, na aliyenyooshewa vidole alizidiwa, hata kama walipitia mambo yaleyale.

Kwanza tukubaliane ni nani tunayemzungumzia. Kanuni za Paris za Februari 2007 zinamtaja mtu yeyote chini ya miaka 18 aliyechukuliwa au kutumiwa na jeshi au kundi lenye silaha kwa kazi yoyote ile: kupigana, kupika, kubeba mizigo, kupeleka ujumbe, kupeleleza, au kutumiwa kingono. Hakuna sharti kwamba awe ameshika bunduki. Hilo ni muhimu, kwa sababu wengi wao hawajawahi kupewa. Wadogo kabisa huteka maji, hutafuta kuni na kupika. Katika makundi ya Mai-Mai, wanamgambo wa mashariki mwa Kongo, mtoto ambaye hajabalehe huhesabiwa kuwa msafi, basi hupewa kutunza dawa za kienyeji za kinga na kuwanyunyizia wapiganaji kabla ya mapambano. Akifa mtu, lawama humrudia yeye kwamba alivunja mwiko. Wakubwa kidogo hubeba begi la kamanda, husimama kwenye kizuizi barabarani, hutumwa sokoni kuhesabu askari. Kwenye vita vya Burundi vilivyoanza Oktoba 1993 walikuwepo walioitwa doria, waliozunguka usiku na kubeba mizigo ya wapiganaji. Kongo ikawa na kadogo, watoto walioandamana na majeshi ya Laurent-Désiré Kabila tangu mashariki mpaka Kinshasa, Mei 1997.

Bunduki ya AK-47 bila magazini ina uzito wa kilo tatu na nusu hivi, na kila magazini ya risasi 30 inaongeza karibu kilo moja. Mvishe mtoto wa miaka 12 magazini nne na gunia la unga, mtembeze mlimani wiki nzima. Ndiyo maana wengi hufika na maumivu ya mgongo na mabega. Mlezi asiyejua hili humwona mtoto mvivu kila anapotumwa kubeba ndoo.

Jinsi kundi linavyomfunga mtoto inafuata mtiririko unaojulikana. Linamtenga na wa kwao. Linampa jina jipya, mara nyingi la kutisha au la mcheza sinema. Linampa bangi, pombe, kipigo, na baadaye sifa. Katika makundi mengine humrudisha kijijini kwao afanye ubaya mbele ya watu wanaomjua, ili asiwe na pa kurudi. Kamanda huitwa baba, na kwa kweli ndiye anayelisha. Ukiyajua haya hutashangaa mtoto anapomtaja kamanda wake kwa heshima, wala hutamkemea kwa hilo. Mwache amtaje. Akizuiwa kumsema, atamficha moyoni, na hapo ndipo ujumbe wa simu kutoka ng'ambo unapomkuta tayari.

Neno linalowaumiza wengi ni "alikwenda mwenyewe". Ni kweli wapo waliojiunga bila kushikwa: kwa njaa, kwa kulipiza kisasi cha mzazi aliyeuawa, kwa sababu nyumba za wenzao hazikuguswa na waasi na yao iliguswa, au kwa sababu wazazi wenyewe waliwatoa walinde mashamba. Sheria haikubali hoja hiyo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 uliweka mpaka wa miaka 15. Itifaki yake ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika Februari 2002, iliwakataza waasi kuchukua aliye chini ya miaka 18 kwa namna yoyote. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 ulikuwa umeshasema 18 kabla yake. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipotoa hukumu yake ya kwanza kabisa, Machi 2012, ilimtia hatiani Thomas Lubanga, kiongozi wa waasi wa Ituri, Kongo, kwa kuandikisha watoto chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani, ikaeleza wazi kwamba ridhaa ya mtoto si utetezi. Alipewa miaka 14. Mwenye hatia ni aliyemchukua.

Siku za mwanzo, kazi ni mbili tu: afya na usalama. Mahojiano yasubiri. Aliyebakwa, awe msichana au mvulana, ana saa 72 za kuanza dawa za kinga dhidi ya VVU, anazozimeza kwa siku 28. Kinga ya mimba ni ndani ya saa 120. Wavulana hubakwa pia na hawasemi, basi mhudumu wa afya awaelezee wote huduma hiyo bila kusubiri mtu aungame. Mengine ya kupima ni malaria, minyoo, kichocho kwa waliokaa kando ya maji, kifua kikuu, magonjwa ya ngono, na vipande vya chuma vilivyobaki mwilini. Pima masikio pia. Aliyepiga bunduki au kukaa karibu na mizinga anaweza kuwa hasikii vizuri, na darasani anaonekana mkaidi. Kama alizoea pombe kali kila siku na sasa ameikosa ghafla, kutetemeka, jasho na kuchanganyikiwa ndani ya siku mbili tatu ni dalili za hatari, anaweza kupata degedege. Hilo ni la kituo cha afya, si la maombi wala la kumfungia ndani.

Nani ajue? Wachache mno. Afisa ustawi wa jamii, anayemlea, mhudumu wa afya kwa sehemu yake. Mwalimu aambiwe yanayomsaidia kufundisha tu. Habari ikishafika kisimani haiwezi kurudishwa, na kambini kuna watu waliochomewa nyumba na kundi lilelile.

Kwenye usajili ndipo familia nyingi hukosea. Wazazi humfundisha mtoto kuficha yote wakidhani akisema atanyimwa hifadhi. Ni kweli kambi inatakiwa ibaki ya raia na mpiganaji hutengwa, lakini mtoto aliyetumiwa na kundi hutazamwa kwanza kama aliyedhulumiwa, na maamuzi juu yake hupitia tathmini ya maslahi bora ya mtoto. Hadithi ya kufundishwa hupishana. Mtoto anasema walivuka Jumatatu, shangazi anasema Alhamisi. Anasema hakuwahi kuvuka mto fulani, na baadaye anautaja. Faili linakwama, wakati mwingine la familia nzima. Ushauri wangu ni mmoja: aombe kuzungumza na afisa wa ulinzi wa mtoto faraghani, aseme kweli kwa kiasi anachoweza, na asichotaka kusema aseme "hilo sitaki kulizungumza leo". Jibu hilo linakubalika.

Kutafuta familia ni kazi ya Msalaba Mwekundu pamoja na ustawi wa jamii na mashirika ya kambini, lakini mlezi ndiye hupata habari zilizo bora, kwa kuwa mtoto hukumbuka akiwa anamenya mihogo, si akiwa mbele ya fomu. Fomu itauliza jina la baba, la mama, kijiji. Mtoto aliyechukuliwa akiwa na miaka saba anamjua mama kama "mama" na kijiji kama "nyumbani". Hapo mpe karatasi na penseli achore. Aanze na mlango wa nyumba yao: ukitoka, jua la asubuhi linakupiga usoni au kisogoni? Maji mlichota wapi, na mkienda mlikuwa mnapanda au mnashuka? Siku ya soko mlivuka daraja? Kanisa au msikiti ulikuwa wa bati au wa nyasi? Kulikuwa na mti gani, kinu cha mawese kilikuwa cha nani? Ziwa lilionekana? Kisha watu: mama aliitwaje na majirani, mama nani? Babu alikuwa na kilema gani? Mwalimu wa darasa la kwanza? Kwa Mrundi uliza kilima, maana huko watu hutambuana kwa kilima chao, si kwa kijiji. Andika jina alilopewa na mzazi, jina la utani la nyumbani, na jina la msituni pembeni, maana huenda mwenzake aliyetoka naye anamjua kwa hilo tu. Weka na tarehe kwenye kila karatasi; michoro mitatu ya nyakati tofauti ikilinganishwa huonyesha lipi ni kumbukumbu na lipi ni la kubahatisha.

Ujumbe wa Msalaba Mwekundu unaobebwa mpakani uwe wa habari za familia pekee. Ukitaja jeshi, kundi au njia, hautapita. Akipatikana anayedai ni ndugu, usimkabidhi mtoto wala kumwonyesha picha kwanza. Muulize yeye maswali yaleyale ya mchoro, kando, halafu linganisha. Mjomba wa uongo yupo, na anachotafuta hujulikana: mfanyakazi wa bure wa mashamba ya tumbaku, mgao wa chakula, au kijana wa kurudisha porini. Ndugu wa kweli akithibitika bado kuna swali la mwisho, la mtoto mwenyewe: unataka kwenda? Kama anaogopa kwamba kijiji kinajua alichofanya, hofu hiyo ifanyiwe kazi kabla ya safari, kwa kuzungumza na wazee wa huko.

Sasa nyumbani. Wakati ndugu wakitafutwa, mtoto akae na familia; kituo kiwe cha muda mfupi. Vituo vya mpito vya Kongo vilikusudiwa miezi mitatu hivi, na pale mtoto alipokaa muda mrefu kuliko hapo na wenzake wa msituni, vyeo vyao viliendelea ndani ya bweni. Hapa kwetu walezi wa kuaminika wanaoandikishwa na ustawi wa jamii ndio njia nzuri kuliko zote ninayoijua.

Mlezi ajiandae hivi. Usimwamshe kwa kumgusa. Simama mlangoni, mwite kwa jina lake la nyumbani, ngoja akuone. Atapenda kulala mgongo ukiwa ukutani na macho yakitazama mlango. Mpangie kitanda hivyo. Kukojoa kitandani akiwa na miaka 14 ni kawaida kwa waliopitia haya: mpe shuka la pili na mahali pa kuanika ambapo hapaonekani kutoka barabarani, yaishe. Atakula haraka na kuficha ugali chini ya godoro. Usimtafutie wizi, mwonyeshe kila jioni chungu cha kesho kina nini, na baada ya muda ataacha. Atasubiri amri kwa kila kitu, hata kwenda chooni, kisha atawaamrisha wadogo zake kwa sauti ambayo hukuitegemea. Bati linalodondoka, bomba la pikipiki linalopasuka, fataki za mwaka mpya: mwambie mapema kinachokuja. Akishtuka na kuganda, sema naye polepole, mtajie uko naye wapi na ni siku gani, mwambie akanyage sakafu kwa nguvu na kutaja vitu vitano anavyoviona. Usimshike kwa nyuma. Kipigo hakifanyi kazi kabisa kwa mtoto huyu. Ameshapigwa na wanaojua kupiga, na fimbo yako inamwambia tu kwamba hapa ni kama kule.

Asihadithie vita kwa wageni. Waandishi, wafadhili na wachungaji huomba ushuhuda. Mlezi ana haki ya kukataa, na akatae. Kusimulia kwa kulazimishwa humrudisha pale, na usiku huo hakuna anayelala. Akizungumza mwenyewe, msikilize bila kuuliza "uliua wangapi?". Swali hilo halimsaidii mtu yeyote.

Kuhusu tambiko na maombi ya kufunguliwa, Msumbiji yalisaidia. Mtoto alioshwa, akavuliwa nguo za vita, zikachomwa, na ukoo ukamtamkia kwamba amerudi. Nguvu yake ilikuwa hapo, kwamba watu wote walisikia na hawakurudia tena habari ile. Kama familia inaamini, ifanyike, kwa hiari yake, bila kumchapa, bila kumfungisha kula siku nyingi, bila kumtangaza.

Shule ina tatizo la umri. Mvulana wa miaka 15 hawezi kukaa na watoto wa miaka minane akabaki. Kijijini mpango wa elimu wa MEMKWA umewekwa kwa ajili ya waliokosa elimu ya msingi kwa wakati wake. Kambini madarasa yanafuata mtaala wa nchi ya mtoto, na aliyesahau Kifaransa anahitaji miezi ya kukifufua kwanza. Walimu wana tabia ya kumpa kijana kama huyu ukiranja wa nidhamu kwa kuwa wenzake wanamwogopa. Msifanye hivyo. Mnampa kikosi. Mpeni bustani, mpira wa kuutunza, kengele, kitu chenye mwanzo na mwisho kisichohitaji kumtisha mtu.

Kazi ya mikono ndiyo inayomshikilia mkubwa wao, na ndipo fedha nyingi hupotea. Liberia, vita vilipoisha mwaka 2003, waliosalimisha silaha walilipwa dola 300, watoto wakiwemo. Makamanda wakachukua fungu lao, wengine wakapenyeza watoto wasiohusika. Tangu hapo inashauriwa asilipwe mtoto fedha taslimu kwa kutoka. Mafunzo nayo yakifuata vyerehani vilivyopo badala ya wateja waliopo, mtaa mmoja unapata mafundi cherehani kumi na suruali mbili za kushona. Tembea soko kwanza, hesabu mafundi wa kila aina, uliza wanakosa nini. Huku kwetu baiskeli hubeba kila kitu, na fundi baiskeli anaanza na spana chache, pampu, gundi, msasa, vipande vya tyubu na kifaa cha kutolea pini ya mnyororo. Mkabidhi vifaa kidogokidogo kadiri anavyojua kuvitumia. Sanduku zima la siku ya mahafali huuzwa wiki hiyohiyo, mara nyingi kulipa deni la nyumbani. Na darasani wawemo vijana wa mtaa ambao hawakwenda vitani, nusu kwa nusu. Wakifunzwa peke yao, kijiji kizima kitajua ni akina nani, na kitauliza kwa nini aliyechoma nyumba apewe cherehani na aliyechomewa akose.

Wasichana nimewaacha mwisho kwa kuwa ndio wanaoachwa mwisho kila mahali, na ndio wanaoniuma zaidi. Mipango mingi ya kupokonya silaha ilidai bunduki ndiyo itambulishe mpiganaji, na msichana aliyepika, kubeba na kulazimishwa kuwa mke hakuwa nayo. Wengine hawakuachiliwa kwa sababu kamanda aliwataja kuwa wake zake. Wengine walijificha wenyewe, maana kupanda gari la shirika mbele ya watu ni kutangaza ulikuwa wapi. Kwa hiyo usisubiri ajitokeze. Mtafute kliniki ya wajawazito, kwenye foleni ya maji, kati ya akina mama wadogo wasio na ndugu. Akiwa anavuja mkojo au haja kubwa tangu kujifungua, ni fistula, na inatibika kwa upasuaji. Wapo wanaojificha miaka wakidhani ni laana.

Familia mara nyingi humkubali binti na kumkataa mtoto wake, "damu ya waasi". Zungumza na bibi kwanza, yeye ndiye atakayebaki na mtoto mama akienda kujifunza kazi. Mtoto apewe jina la ukoo wa mama, asajiliwe mapema apate cheti cha kuzaliwa, aandikwe kwenye karatasi ya mgao. Mafunzo ya mama yake yawe na mahali pa kumlaza, la sivyo atahudhuria wiki ya kwanza tu. Wala asishauriwe kuolewa na aliyemteka ili mambo yanyooke. Pendekezo hilo hutolewa na watu wenye heshima zao, na linapaswa kukataliwa kila linapotolewa.

Ufuatiliaji uendelee hata baada ya mtoto kuonekana ametulia. Anayetembelea asije na gari lenye nembo, aje kama mgeni wa kawaida, aonane na mtoto peke yake dakika chache, aangalie kama analala, anakula na wenzake, anakwenda shule, na kama kuna mtu mpya anayemnunulia vocha za simu au kumwahidi kazi ya mgodini ng'ambo ya ziwa. Mtu huyo akionekana, taarifa ipelekwe siku hiyohiyo kwa afisa ustawi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa simu ya bure 116, na mtoto alale nyumba nyingine usiku huo.